Nguo za kawaida ukishavuka miaka 30: jinsi ya kupata zinazokukaa na unazozipenda mwenyewe

#1 PindoNyoofu (mleta uzi)

Wakuu, tuweke uzi mmoja uliokamilika kuhusu hili, maana maswali ni yaleyale. Mtu ana miaka 30 na kitu, nguo za kazini anazo, za shughuli anazo, lakini siku ya mapumziko anafungua kabati na haoni anachotamani kuvaa. Zile za zamani alizinunua kwa kufuata mkumbo, na mwili nao umeshabadilika: kiuno kimeongezeka, mabega yamejaa, nyonga si zile. Akienda dukani anachukua kinachofanana na cha zamani, basi tatizo linarudi palepale.

Wengi hushauri uanze kwa kukusanya picha za mavazi unayoyapenda. Picha zina kazi yake, ila si mwanzo mzuri, kwa sababu hazikuambii sentimita wala aina ya kitambaa. Anza na kabati lako. Toa nguo 3 ambazo zikitoka tu kufuliwa unazivaa tena. Hizo ndizo ladha yako halisi, hata kama hujawahi kuipa jina. Halafu toa nyingine 3 ambazo ukizivaa unajivutavuta siku nzima. Zote 6 zipime.

Namna ya kupima: tandaza nguo mezani au sakafuni, funga vifungo na zipu, laza mikunjo kwa kiganja bila kuvuta kitambaa. Fulana au shati: kifua ni kutoka kwapa hadi kwapa, sentimita 2 au 3 chini ya mshono wa kwapa. Bega ni kutoka mshono hadi mshono, kwa upande wa mgongoni. Urefu ni kutoka sehemu ya juu kabisa ya bega, pale linapokutana na kola, hadi kwenye pindo. Mkono ni kutoka mshono wa bega hadi mwisho. Suruali: kiuno kikiwa kimelala, halafu zidisha mara 2. Kimo cha mbele, yaani kutoka makutano ya mishono ya msamba hadi ukingo wa juu wa kiuno. Paja, sentimita 2 au 3 chini ya msamba. Urefu wa ndani ya mguu. Upana wa mdomo wa mguu.

Andika kwenye simu hivi: "fulana ya kijivu, kifua 54, bega 46, urefu 69, mkono 21". Ukilinganisha unazozipenda na usizozipenda, mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani. Fulana ya urefu wa 69 na ya 75 zinaweza kuwa na kifua kilekile, lakini ya pili inafunika zipu yote na kuifanya miguu ionekane mifupi. Kwa hiyo kosa halikuwa rangi wala umri, ni sentimita 6 za pindo.

Dukani nenda na orodha hiyo na tepu. Usiamini namba ya lebo. Jinzi iliyoandikwa 32 ingepaswa kuwa na kiuno cha sentimita 81, lakini ukiipima unaweza kukuta 85 au zaidi, maana kila mtengenezaji ana jedwali lake. Hata suruali mbili za chapa moja na saizi moja zinaweza kupishana sentimita 1 au 2.

#2 Kolamoja

Uzi mzuri mkuu. Swali: mtu ambaye hana hata nguo moja anayoipenda, au mwili umebadilika kiasi kwamba zote hazimwingii, aanzie wapi?

#3 PindoNyoofu (mleta uzi)

Apime mwili, halafu aongeze nafasi ya kupumua. Kifua kizunguke chote, tepu ikiwa imelala sawa mgongoni na kidole kimoja kikiwa ndani yake. Kwa fulana, ongeza sentimita 4 hadi 6 kama unapenda ikukumbatie, 8 hadi 12 kwa mkao wa kawaida, 18 hadi 22 kwa mkao mpana. Shati la kitambaa kisichovutika lipe 12 hadi 16, la sivyo vifungo vitavutana ukikaa. Paja la jinzi isiyo na spandeksi (nyuzi zinazovutika) lipe 5 hadi 8 juu ya mzunguko wa paja lako ukiwa umesimama.

Mfano: kifua cha mwili 98, unataka fulana ya kawaida. 98 na 10 ni 108. Nguo ikilala mezani iwe na 54 kutoka kwapa hadi kwapa.

#4 CherehaniNaUzi

Niongezee upande wa fundi, maana watu hununua kitu kibaya wakitegemea kitarekebishwa, au wanaacha kitu kizuri kwa sababu ya kasoro ya dakika 20.

Bega ndilo la kuangalia kwanza. Mshono wa bega ukae juu ya ule mfupa wa mwisho wa bega. Ukishuka sentimita 3 kwenye shati la kawaida, kurekebisha kunataka kung'oa mkono mzima, kuchonga upya tundu la mkono na kurudisha. Kazi ni kubwa na shati la kawaida haliistahili. Liache. Kola nayo ni hivyohivyo: ukifunga kifungo cha juu, vidole 2 vipite bila kulazimisha.

Kubana ubavuni ni rahisi. Kufupisha shati ni rahisi pia, lakini likipungua zaidi ya sentimita 5 kifungo cha mwisho kinakuwa karibu mno na pindo, na mfuko wa kifua unaonekana umeshuka. Mkono wa shati unafupishwa kwa kung'oa kafu (ule ukingo mgumu wa mwisho wa mkono) na kuirudisha juu. Kama kwenye mpasuko wa mkono kuna kifungo kidogo, usizidishe sentimita 3.

Suruali: kiuno kinapungua kwa nyuma sentimita 3 hadi 5. Ukizidisha hapo mifuko ya nyuma inasogeleana na makalio yanaonekana membamba juu, mapana chini. Kuongeza kiuno ni habari nyingine kabisa. Geuza suruali, angalia mshono wa katikati nyuma: kama kuna kitambaa cha ziada sentimita 2 kila upande, fundi atakuachia mpaka sentimita 3 hivi. Jinzi nyingi hazina hata hicho, kwa sababu mshono wake umelazwa na kushonwa mara mbili. Jinzi inayobana kiuno usiinunue kwa matumaini.

Mguu mpana unapunguzwa kuanzia goti kwenda chini. Mwambie fundi ashone kwenye upande usio na mshono wa juu unaoonekana, la sivyo ataharibu sura ya jinzi. Na kabla ya kupinda urefu, fua suruali mara 2 kwanza, halafu vaa viatu utakavyovitumia nayo. Pindo la suruali ya kitambaa liachiwe sentimita 4 ndani, kama akiba.

Sasa kusoma mikunjo mbele ya kioo. Simama kawaida, usijinyooshe. Mistari inayosambaa kutoka kwenye msamba kwenda pembeni ina maana mapaja au nyonga zimebanwa. Kitambaa kinachoning'inia chini ya makalio kina maana nyuma ya suruali ni ndefu kuliko umbo lako, na hapo kupunguza kiuno hakusaidii. Mistari inayokutana kwenye kifungo kama herufi X: shati limebana hapo. Mkunjo wa kulala nyuma ya shingo, chini kidogo ya kola: mabega yako ni ya mraba kuliko ya shati. Mikunjo ya mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani: mabega yako yameteremka zaidi. Hizi mbili za mwisho huonekana kwenye nguo za chapa moja mara kwa mara, kwa hiyo ukizikuta badilisha chapa, usibadilishe saizi.

#5 BiKitani

Fundi umenena. Kwa upande wa wanawake kuna mambo hayasemwi vya kutosha.

Pima kifua ukiwa umevaa sidiria utakayoivalia nguo hiyo. Tofauti ya sidiria mbili inaweza kusogeza kifua sentimita kadhaa na kubadilisha mahali mkunjo wa kifua (ule ulioshonwa ili nguo ifuate umbo) unapoangukia. Shati la vifungo linalofunguka kifuani lichukuliwe saizi inayotosha kifua, kisha fundi apunguze kiuno kwa mikunjo 2 ya kushonwa mgongoni. Watu hufanya kinyume: wanachukua linalotosha kiuno na kubana kifua kwa pini.

Suruali vilevile: chukua inayotosha nyonga na mapaja. Kama tofauti kati ya kiuno na nyonga zako inazidi sentimita 28 hivi, tafuta suruali yenye mkanda wa kiuno uliokatwa kwa kupinda, si ulionyooka. Utautambua ukiilaza: ukingo wa juu wa kiuno unainama kama tabasamu. Mkanda ulionyooka utaacha pengo nyuma kila ukikaa, hata ufunge mshipi. Kimo cha mbele cha sentimita 27 hadi 30 hufika kitovuni au karibu yake kwa walio wengi. 22 hadi 24 hukaa chini, na hapo ndipo tumbo la chini linapokatwa vipande viwili.

Baada ya ujauzito mbavu na nyonga zinaweza kubaki zimepanuka hata kama uzito umerudi, na mguu unaweza kubaki umeongezeka urefu. Mwenye hali hiyo asijilazimishe kwenye vipimo vya zamani. Apime upya kila kitu, viatu vikiwemo, na viatu ajaribu jioni mguu ukiwa umejaa.

Urefu wa sketi na gauni: pindo liishie mguu unapokuwa mwembamba, yaani chini kidogo ya goti au juu kidogo ya kifundo. Likiishia katikati ya nyama ya mguu, macho yanabaki hapo. Sentimita 4 tu juu au chini zinageuza gauni zima.

#6 GramuKwaMita

Vipimo mmevimaliza, tuje kitambaa. Fulana mbili zenye vipimo sawasawa zinaweza kukaa tofauti kabisa kwa sababu ya uzito wa kitambaa, na uzito hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Gramu 140 hadi 160 ni nyepesi: inafaa joto, lakini inafuata kila umbo la mwili na nyeupe yake inaonyesha. 180 hadi 200 ndiyo ya matumizi mengi. 220 hadi 260 ni nzito, inasimama yenyewe, haishiki tumbo. Walio na miaka 30 na kitu wanaolalamika kwamba fulana zinawachora tumbo, mara nyingi wamevaa gramu 150 na wanatafuta saizi kubwa zaidi, wakati walichohitaji ni kitambaa kizito katika saizi ileile.

Uzito si ubora lakini. Kagua hivi: vuta kitambaa cha shingoni sentimita 3 kisha achia. Kikibaki kimelegea dukani, nyumbani baada ya kufua mara chache shingo itakuwa ya mawimbi. Ikunje fulana katikati uone kama mishono ya ubavuni inateremka wima. Ikiwa tayari imepinda, itaendelea kupinda mpaka mshono uje tumboni. Chanzo ni msokoto wa uzi: kitambaa cha kufuma huzunguka kikitafuta kutulia, hasa kama kilikatwa bila kupumzishwa. Hakuna pasi inayoponya hilo. Mwisho, sugua kitambaa kwa kidole gumba mara 20 sehemu moja. Vikianza kutoka vinyuzi, vidonge (vile vifundo vidogo vya nyuzi juu ya kitambaa) vitakuja, na kwenye mchanganyiko wa pamba na poliesta vidonge hushikilia badala ya kudondoka.

Jinzi hupimwa kwa wakia kwa yadi ya mraba. Wakia 12 ni kama gramu 407 kwa mita ya mraba. 9 hadi 11 ni nyepesi, 12 hadi 13 ya kati, 14 kwenda juu ni nzito na inahitaji kuvaliwa muda kabla haijalainika. Spandeksi asilimia 1 au 2 inatosha kabisa. Ikifika 4 na kuendelea, magoti huvimba upesi, na joto la kikaushio huua mvuto wake. Ukiona mawimbi madogo yasiyonyooka kwenye jinzi iliyotumika, spandeksi imekatika ndani na hairudi.

Viskosi ni laini na inaanguka vizuri kwenye blauzi na mashati ya mikono mifupi, ila ikilowa hupoteza nguvu nyingi: usiikamue kwa kuisokota. Kitani kitakunjika, huo ndio uzuri wake. Asiyependa mikunjo achukue kitani kilichochanganywa na pamba. Poliesta tupu kwenye fulana ya mchana kutwa siishauri, kwa sababu hainyonyi jasho na harufu ya mafuta ya mwili huganda ndani ya nyuzi.

#7 Mkazi_wa_Kabati

Wakuu naona mnazungusha. Mtu wa miaka 35 anunue fulana nyeupe, nyeusi, jinzi ya bluu na raba nyeupe, amemaliza. Zote zinaendana.

#8 BiKitani

Zinaendana kweli, mkuu, lakini swali la uzi ni ladha ya mtu. Mwenye kupenda rangi ukimpa nyeupe na nyeusi tupu atazivaa mwezi mmoja kisha atarudi kwenye zile za zamani. Hata hizo unazozitaja zina masharti. Nyeusi mbili zilizotiwa rangi tofauti hazifanani: moja ina wekundu, nyingine ina ubluu, na ukizivaa pamoja inaonekana moja imechuja. Nyeupe nayo ipo yenye ubluu na yenye umanjano.

Rangi ijaribiwe karibu na uso, dirishani, mchana. Taa za dukani hudanganya, na rangi mbili zilizolingana chini ya taa zinaweza kupishana juani. Shika kitambaa chini ya kidevu, angalia uso wako badala ya kitambaa. Vivuli vya chini ya macho vikizidi kuonekana, hiyo si rangi ya nguo ya juu. Ukiipenda bado, iteremshe: suruali, kaptula, sketi, viatu, begi. Hakuna sababu ya kuacha kabisa rangi unayoipenda.

Pia usinunue kipande cha juu ambacho hakiendi na angalau suruali au sketi 2 ulizonazo tayari. Hilo huzuia makosa mengi kuliko orodha yoyote ya rangi.

#9 Kolamoja

Vipi hizi fulana na mashati mapana? Mtu akichukua saizi 2 juu anaonekana amepwaya tu, wengine zinawakaa.

#10 PindoNyoofu (mleta uzi)

Kwa sababu saizi 2 juu inaongeza kila kitu: kifua, urefu, shingo, mkono. Nguo iliyokatwa kuwa pana huongeza upana na kuacha urefu. Mwenye kifua cha mwili 98 atafute kifua cha nguo 59 au 60 ikilala, urefu uleule wa 69 hadi 71, bega lililoshuka sentimita 4 hadi 6 kwa makusudi, mkono mpana unaokaribia kiwiko, na shingo ndogo iliyokaza. Shingo ndiyo siri. Ikiwa pana pamoja na mengine yote, nguo inaonekana ya kuazima.

Shati la kuachia nje bila kuchomekea liishie katikati ya zipu kwa mbele na katikati ya mifuko ya nyuma. Lenye pindo la kupinda sana lilitengenezwa lichomekwe. Inua mikono juu: likionyesha tumbo ni fupi, likifunika makalio yote ni refu.

Upande wa chini, mdomo wa mguu uendane na kiatu. Raba nyembamba na mdomo wa sentimita 17 hadi 18. Raba yenye soli nene inataka 20 hadi 22, la sivyo miguu inaonekana myembamba juu ya viatu vikubwa.

#11 Mkazi_wa_Kabati

Nimekubali hoja ya rangi. Fulana zenye michoro na maandishi je, ukiwa na 38? Na jinzi za mtumba?

#12 CherehaniNaUzi

Vaa, mkuu. Kinachochosha macho ni mchoro uliopasuka na shingo iliyolegea. Fua ikiwa nje-ndani kwa maji ya nyuzijoto 30, usipige pasi juu ya mchoro.

Jinzi ya mtumba usianze na mifuko wala rangi. Igeuze uitazame kwenye mwanga, msamba na sehemu za ndani za mapaja. Kitambaa kikiwa chepesi kiasi cha kupitisha mwanga, kitachanika baada ya muda mfupi. Tundu likiwa bado halijatoka, kiraka chembamba cha ndani kinaokoa, kikishonwa mistari iliyokaribiana kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Kwenye mashati angalia ukingo wa kola na kwapa, na zipu ipandishe na kuishusha mara 5. Uzuri wa mtumba ni kwamba kusinyaa kwingi kumeshapita, hivyo unachokipima ndicho utakachobaki nacho.

#13 Kolamoja

Na ukinunua mtandaoni?

#14 GramuKwaMita

Kwanza soma kama jedwali ni la vipimo vya mwili au vya nguo. Kifua 108 kwenye jedwali la nguo na 108 kwenye jedwali la mwili ni saizi mbili tofauti, na hapa ndipo wengi huangukia. Pili, weka akiba ya kusinyaa. Pamba isiyofuliwa kiwandani hupungua asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo fulana ya urefu wa 70 inaweza kuishia kati ya 66 na nusu na 68. Ukitaka ibaki 69, nunua ya 72. Jinzi ghafi ambayo haikupunguzwa kiwandani inaweza kupungua hadi asilimia 10.

Ikifika, ijaribu ndani ya nyumba lebo zikiwa bado zimeshikamana. Kaa dakika 5, chuchumaa, inua mikono, weka simu mfukoni, panda kiti na kushuka. Piga picha kutoka mita 2 au 3, simu ikiwa usawa wa kiuno, mbele na ubavuni. Simu ikiwa karibu hupanua kilicho karibu na lenzi, na watu wamerudisha nguo nzuri kwa sababu hiyo tu.

Ikikukaa, usiagize nyingine 3 za rangi mbalimbali siku hiyohiyo. Fua hiyo moja mara 3, anika kivulini ikiwa nje-ndani, ipime tena kama mleta uzi alivyoeleza. Vipimo vipya ndivyo uandike kwenye simu. Ukiagiza ya pili, ipime nayo kabla ya kukata lebo, kwa sababu nyeusi na nyeupe za saizi moja, kutoka kiwanda kimoja, huwa hazilingani kila mara.